Mtutu wa Papa Anastase

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa katika kituo cha polisi, Goma, Jumatatu tarehe 16 Agosti 2021, saa nne asubuhi, mbele ya OPJ (afisa wa upelelezi wa polisi) Magloire Buhendwa.

Jina: Nshobole Christa
Umri: miaka 26
Kazi: fundi na mtunza silaha, kituo cha walinzi wa msitu, karibu na Kibati
Makao: kartie Mapendo, Goma

Kwanza naomba iandikwe sauti niliyoisikia tarehe 5 Agosti, kwa sababu tangu siku ile haijatoka masikioni mwangu. Risasi inayokwenda sawa hupita hewani ikichapa kama kiboko. Ile haikuchapa. Ilivuma kwa sauti nzito, kama kipande cha ubao kilichorushwa na mtu mwenye hasira. Kabla sijaiona karatasi ya shabaha, nilijua kwamba risasi ilikuwa inakwenda ubavu.

Ilikuwa asubuhi, kwenye machimbo ya mawe nyuma ya kituo chetu, siku ya kujaribu bunduki zote. Aliyepiga ni mlinzi Anastase Sebahire, mwenye umri wa miaka 58, mzaliwa wa Rutshuru. Namheshimu, na sitalificha hilo. Nilipofika pale miaka miwili iliyopita, walinzi waliniita Mademoiselle Kanon, kwa kuwa mitutu ya bunduki, ambayo sisi huiita kanon, ndiyo kazi yangu, na hawakuamini msichana anaweza kuifanya. Papa Anastase, kama tunavyowaita wanaume wa umri wa baba zetu, alikuwa wa kwanza kuniletea bunduki yake bila kucheka.

Bunduki njema hutoboa tundu la mviringo. Karatasi yake ilikuwa na matundu marefu, kama mbegu za boga, tena yametawanyika hovyo. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi ili iende imenyooka. Mifereji ikiisha, risasi inayumba na kulala, na hata mpigaji hodari hawezi kujua itafika wapi. Nilichukua risasi nzima, nikaingiza ncha yake kwenye mdomo wa mtutu. Kwenye mtutu mzuri ncha hukwama mapema. Kwenye huu ilizama mpaka ganda la risasi likagusa chuma. Mdomo wenyewe ulikuwa umeliwa upande mmoja.

Nikamwuliza, "Papa, munasafishaka na nini?"

"Na majivu ya volkano, mutoto wangu," akasema, na uso wake ulikuwa na furaha. "Tangu mulima ulipuke, vumbi iko inaingia kila fasi. Bibi yangu anasugulia nayo sufuria, zinang'aa kama kioo. Nikasema, kanon nayo si ni chuma? Angalia ndani vile inawaka."

"Inawaka kweli, Papa," nikamjibu.

Haikuwa uongo. Ndani mlikuwa laini kama bomba la maji. Bunduki ilikuwa ya zamani, imeshachoka, na yeye tangu mwezi wa tano alikuwa akiisugua kila jioni kwa fimbo ya chuma na majivu. Hakuna mlinzi aliyeipenda bunduki yake kuliko yeye, na hakuna mtutu ulioliwa kama wake. Nilipomweleza kwamba majivu yale ni sawa na kioo kilichosagwa, alivua kofia. Kisha akasema, "Kumbe miye njo niliikula."

Siku hiyohiyo, saa nane mchana, nilikwenda kwa mkuu wa kituo, Chef Bagalwa. Nilimwambia kwamba mwili wa bunduki ni mzima, sehemu zake zote zinafunga vizuri, haina haja ya kutupwa. Inahitaji mtutu tu, na mtutu mpya upo mmoja kwenye depo, ghala letu la silaha.

Akasema, "Ile ni ya kuonyesha bakubwa bakikuja kukagua. Muzee huyu anaenda pansion, anaacha kazi mwaka ujao. Umuache azeeke pamoja na bunduki yake."

Walinzi waliokuwapo walicheka. Sikucheka. Nilisema kwamba basi bunduki hii isitoke kituoni, nikafunga kitambaa chekundu kwenye kifyatulio chake. Kwetu kila mtu anajua maana yake ni kwamba silaha hiyo haipewi mtu.

Mnamo tarehe 14 Agosti, siku ya Jumamosi, nilikuwa mapumzikoni, nyumbani Mapendo. Tukio sikuliona. Nasema niliyoambiwa na walinzi, na Chef Bagalwa mwenyewe hakuyakana. Mchana huo nyati alitoka msituni akaingia kwenye mashamba ya viazi, Kibumba. Bunduki za kuwatosha walinzi hazikuwapo, hivyo Chef alikata kitambaa changu kwa mkono wake na kumpa Papa Anastase bunduki ile. Papa Anastase alimlenga nyati aliyekuwa anamjia mbele, akafyatua. Risasi ilikwenda mbali sana kulia, ikampata pajani mchungaji anayeitwa Havugimana, aliyesimama na ng'ombe wake.

Mwezi wa saba watu hawa wawili waligombana kwa sababu ya ng'ombe kuingizwa msituni. Kwa hiyo Havugimana alisema alilengwa yeye, na Papa Anastase yuko mahabusu hapa kwenu tangu jioni ile, kwa kosa la kutaka kuua.

Jana, baada ya Misa, nilikwenda kumwona Havugimana kwenye kituo cha afya. Alikuwa amelala, mguu umefungwa. Akaniuliza, "Weye njo ile Mademoiselle wa bunduki? Niambie kweli. Ule muzee alinipima, alinilenga miye?"

Nikamwambia, "Papa, na kanon ile, kama angelikupima, hangekupata."

Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika paja lake kwa maumivu. "Basi nimeumizwa na mutu mwenye alinikosa," akasema. Alinipa suruali aliyoivaa siku ile. Tundu lake ni refu, halina mviringo. Hakuniambia kama ataondoa mashitaka yake, nami sikumwomba.

Jana hiyohiyo, saa kumi alasiri, Chef Bagalwa aliniita depo. Alisema, "Christa, kesho polisi banataka ile bunduki. Weka kanon mupya kwanza. Hatupeleke aibu yetu kwa batu."

Nikamwuliza, "Na Papa Anastase?"

"Yeye iko na mudomo. Atajitetea."

Nilielewa anachoniomba. Mimi mtutu nikiufunga, unapiga sawa. Hilo nalijua kuliko ninavyoijua sura yangu, na sioni aibu kulisema mbele ya polisi. Nikiufunga kwenye bunduki ile, mtu yeyote wa hapa akiijaribu, risasi itakwenda pale anapoangalia. Na kama inakwenda pale mtu anapoangalia, basi Papa Anastase alimwangalia Havugimana. Kazi yangu nzuri ndiyo ingemfunga. Nilisimama pale nikiutazama mtutu mpya ndani ya mafuta yake, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii sikutaka kuugusa.

Sikubishana. Nilisema, "Nimesikia, Chef."

Leo saa kumi na mbili asubuhi nilifungua depo. Bunduki ya Papa Anastase nimeileta kama ilivyo, ndiyo hii hapa mezani, na suruali ni ile. Naomba ipigwe na askari mwingine yeyote mnayemwamini kwa shabaha.

Mtutu mpya nimeufunga, maana niliamriwa kuufunga. Nimeufunga kwenye bunduki ya Chef Bagalwa mwenyewe, ambayo kwa kuchakaa ilikuwa ya pili. Nimeijaribu machimboni: risasi zote zimekaa pamoja, kiganja changu kinazifunika. Nimeipaka mafuta, nimeitundika kwenye msumari wake ofisini. Mtutu mwingine mpya hakuna.

Nimesomewa maneno haya na nimeyakuta kama nilivyoyatamka. Ni yangu.

Sahihi: Nshobole Christa

Maelezo ya OPJ: Shahidi amesema kwa hiari yake na ametia sahihi mbele yangu. Nimepokea kutoka mikononi mwake bunduki moja yenye mtutu wake wa zamani, na suruali moja.
Buhendwa Magloire, OPJ