Bei Yenye Mkia

Msamala, Songea
11 Julai 1995

Mpendwa mama,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea usiichanganye na mafuta ya taa kama wanavyokushauri hapo, itakuchubua. Sisi huku wazima. Baba Devota ana mafua ya baridi hii, lakini anakula vizuri, kwa hiyo simhurumii sana. Mashine zote mbili zinasaga.

Barua hii nimempa Devota ailete kwa mkono. Ni karatasi tatu, zimeandikwa mbele na nyuma. Naomba ufanye kama siku zote: isomwe hapo barazani Jumapili baada ya misa, majirani wakiwepo, na msomaji awe mdogo wangu Pankrasi. Devota asisome, ingawa anajua yaliyomo. Yeye akae tu ubavuni mwa mjomba wake, aangalie. Na kila karatasi ikiisha, mama, uipokee uikalie, mpaka uwe na tatu.

Nimesikia Pankrasi amepata baiskeli mpya ya Foniksi. Katika barua yako ya mwisho ameandika kuwa ni pesa ya tumbaku. Tumbaku ya mwaka jana iliozea bandani, na ya mwaka huu hamjalipwa. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili, haikai.

Sasa habari ya gari. Unajua kwa nini nalitaka. Tulipomtoa baba hospitali kumrudisha Lusewa, jeneza nilinunua mimi, ng'ombe nilinunua mimi, na bado nilipanda nyuma ya lori pamoja na masufuria, kwa sababu mbele walikaa wanaume waliochanga elfu mbili mbili. Na wewe ulipandishwa hukohuko nyuma, na goti lako. Siku ile nilisema misa ya mwaka utaiendea kwa gari la maana, umekaa kiti cha mbele. Watu wananiambia pikapu ingetosha. Mimi nilianza na debe moja la maharage, siku zile gunia la mahindi likitaka kibali kuvuka mkoa. Nimetosheka kupanda magari ya mizigo.

Ila milioni za kununua gari la kifahari zikijulikana unazo, kila mtu anakuwa mshauri, na mimi kila aliyenishauri nilimtazama mikono kwanza. Lipo Benzi jipya la milioni arobaini na moja. Nilikaa ndani yake huko Dar, kiti kikanipokea kama kinanifahamu. Lakini tumbo lake liko chini, na barabara ya Lusewa mnaijua wenyewe. Lipo Lendikruza jipya la dizeli, milioni thelathini na tatu na laki tisa, ushuru na namba humohumo. Kwa bei ya gunia ya mwaka huu, elfu nane na mia tano, hayo ni karibu magunia elfu nne. Tairi lake moja ni bei ya ng'ombe, na bima sijaitaja.

La tatu ni lililotumika, la kutoka Dubai, lililoletwa kwa maneno na dalali mmoja wa hapa mjini anayeitwa Leo. Alikuja mashineni mwezi wa nne, kavaa miwani ya jua katikati ya vumbi la unga, akaniita mama mkubwa ingawa tunalingana umri. Akasema gari limetembea mwaka mmoja tu, lilikuwa la bibi asiyependa kutoka nyumbani. Nikamuuliza kama hatoki, gari alinunua la nini. Akacheka, akasema mama mkubwa una maneno. Bei aliyotaja ni milioni ishirini na saba, laki nne na elfu kumi na tano.

Mama, bei za madalali huishia na masifuri. Hii ilikuwa na mkia, na mkia huo niliujua, kwa sababu ndizo pesa zilizokuwa benki siku ile, shilingi kwa shilingi. Waliozijua ni baba Devota, dereva wangu Bakili aliyenishikia kitabu cha benki, na wewe niliyekuandikia wakati wa Pasaka. Wewe nilikuweka kando. Nani atamshuku mama yake?

Nikamgeukia Bakili. Ameendesha lori langu miaka sita, nami nikamwita mwizi mbele ya foleni ya wasagishaji. Alifuta usukani kwa kitambaa chake, akaweka funguo juu ya mizani, akaenda zake. Nikakuandikia mwezi wa tano, na barua ikasomwa hapo barazani kwamba Bakili wa Tunduru ni mwizi, na mkwe wake, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwako, alikuwepo akisikiliza.

Lakini zile funguo juu ya mizani zilinisumbua. Mwizi huwa haondoki bila kudai mshahara wake wa mwisho. Nilipouza lori moja mwezi wa sita, nikagawa uongo. Baba Devota nilimwambia sasa tuna milioni ishirini na tisa na elfu sitini. Karani wa mashine nilimwambia thelathini na moja na elfu themanini na tano. Wewe, mama, unisamehe, nilikuandikia thelathini na sita, laki mbili na elfu arobaini, na nikaomba msomaji asikitaje kiasi hicho kwa sauti, akunong'oneze sikioni. Kisha nikamsubiri Leo.

Hazikupita wiki mbili. Alikuja na miwani yake, akasema limepatikana gari jipya kabisa, ila niamue haraka. Milioni thelathini na sita, laki mbili na elfu arobaini. Nikamwambia arudie, kama vile sikusikia. Akarudia. Nikamwagizia soda ili nami nipate sababu ya kukaa.

Nilimuuliza Leo mdogo wangu anapata ngapi. Kwanza hakumjua. Baadaye akakumbuka kuwa walisoma pamoja. Mwishowe akasema baiskeli alishampa, na laki moja ingefuata nikinunua.

Juzi nilikwenda Mjimwema kwa Bakili. Mkewe hakunipa kiti, nikaongea nimesimama. Nilimwomba msamaha na arudi kazini. Akanijibu kuwa kurudi atarudi, lakini jina lake lilichafuliwa Lusewa kwa kusomwa, na hapohapo lisafishwe kwa kusomwa. Akasema mdomo uwe uleule. Nikaona ana haki.

Sasa wewe Pankrasi. Ukifika hapa usikohoe wala usiombe maji. Nilikulipia ada miaka minne ili uwe macho ya mama. Yanayofuata yasome kwa sauti ileile ya mwezi wa tano, polepole, mkwe wa Bakili asikie:

Bakili hakutoa siri ya mtu. Aliyeitoa ni mimi, Pankrasi.

Mama, usimfukuze. Mkono wake umekuandikia barua nyingi za kweli. Baiskeli atarudi nayo Devota, irudi kwa mwenyewe. Na mimi nina langu: nilikudanganya, na nilimchafua mtu kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu wa kupigiwa kelele. Hilo nimeliungama kwa Padre, na sasa kwenu.

Lendikruza nimelinunua kwa wauzaji wenyewe, kwa simu ya posta na hundi ya benki, bila dalali. Bakili amekwenda kulichukua. Tutafika Ijumaa tarehe 28, misa ni Jumamosi. Utakaa mbele karibu naye. Mimi nitakaa nyuma, na kando yangu ipo nafasi moja. Pankrasi akiitaka, aje kuniomba mwenyewe, kwa mdomo, asiandike.

Nisalimie majirani wote waliokaa hapo, na mkwe wa Bakili mpe shikamoo yangu mara mbili. Funga goti na kitenge asubuhi, baridi isiliingie. Sasa hesabu karatasi.

Mwanao anayekupenda,
Kunegunda