Kilichovuka Seng'enge

Makambako,
Agosti 1954

Kwa Kaka yangu mpendwa Lukas,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na kwamba kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia kimepoa, na msimamizi wenu wa mkonge naye amepunguza ukali. Ukitaka kujua hali zetu, sisi huku ni wazima. Baridi ya mwaka huu imetupiga vibaya, asubuhi tunakuta umande umeganda juu ya majani, lakini Mama anakohoa kidogo tu na bado anateremka bondeni kwenye bustani yetu ya kinyungu kwa miguu yake mwenyewe kumwagilia mboga. Anakusalimu, anasema kamwene, na anauliza kama lile sweta bado unalivaa au umeshampa mtu.

Barua yako ya mwezi wa Mei ilifika. Niliisoma kwa sauti, Mama akisikiliza, na nilipomaliza akaniomba nisiisome tena. Umeniagiza niuze ng'ombe wawili waliobaki wa marehemu Baba, na nikubali kuolewa na Kornelio, dereva wa trekta, kwa sababu mjane kama mimi hawezi kuwavusha ng'ombe kiangazi wakati malisho yote yako ndani ya seng'enge za mzungu. Kaka, nakuheshimu. Ulinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Lakini jibu langu ni hapana, kwa yote mawili, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Unamkumbuka Bwana Miwani, mwenye lile shamba kubwa la ng'ombe hapo juu yetu. Mteremko wote ambao Baba alikuwa akichungia, kutoka kwenye nyumba yake mpaka kwenye vinyungu vyetu bondeni, sasa umo ndani ya uzio wake. Chini kabisa, pale kwenye korongo, mvua iling'oa nguzo pakabaki tundu. Mwaka jana Baka, yule mtamba wetu mwenye doa jeupe usoni, alipenya hapo akifuata majani. Bwana Miwani akamfungia zizini kwake. Mama alipanda na jogoo mkononi kwenda kumwomba, akarudi na jogoo wake. Tukapeleka shauri kwa jumbe, na mbele ya watu wote Bwana Miwani akasema kwamba kitu kikishavuka seng'enge ni mali ya upande kilikokutwa, na kwamba hiyo ndiyo sheria. Jumbe akakuna kichwa, akasema shauri limekwisha.

Lile tundu hakuliziba. Alizibe kwa nini, nalo linamletea ng'ombe? Mama, akiwa kinyunguni, alikuwa akimwona Baka ng'ambo ya uzio, akimwita kwa jina, na Baka akiinua kichwa. Sikukuandikia hayo kwa sababu ungeumia bure ukiwa mbali.

Hata hivyo nimekuwa nikifanya kazi kwake. Usinilaumu, chumvi na sabuni haviokotwi porini. Nilikuwa mkubwa wa wanawake wanaogeuza nyasi zilizokatwa mpaka zikauke, na kuzipanga lundo kwa ajili ya ng'ombe wake wakati wa kiangazi. Mwaka jana lundo lote lilioza kwa mvua za mwisho, ng'ombe wake wakakonda, naye akaapa kwamba mwaka huu atanunua mashine ya kufunga nyasi.

Basi mwishoni mwa Aprili akaja wakala kutoka Iringa na lori, amepakia mashine za aina mbili ili Bwana Miwani ajionee mwenyewe na kuchagua. Watu waliacha kazi zao kuja kutazama. Ya kwanza ilikuwa inashindilia nyasi na kutoa marobota ya pembe nne, kama tofali. Ya pili ilikuwa inaviringisha nyasi kwa mikanda, kama mama anavyokunja mkeka, kisha inazizungushia kamba na kutema robota la mviringo, refu kama mtoto wa miaka mitatu. Wakala akajisifu kwamba hata kamba yenyewe ni katani ya nchi hii hii, imetoka Tanga. Niliishika ile kamba, Kaka. Nilikufikiria, sitakuficha.

Bwana Miwani akatuita mimi na Kornelio atusikilize, kwa kuwa yeye Kornelio ndiye atakayeivuta mashine na wanawake wangu ndio watakaobeba. Kornelio akavua kofia, akatoa hotuba ndefu. Alisema tofali hupangika vizuri kwenye tela na hukaa pale ulipoliweka, lakini hilo la mviringo, kwenye mteremko kama huu, litakimbia. Akamalizia kwa kusema kwamba mambo ya mashine hayaulizwi kwa wanawake. Huyo ndiye mume uliyenichagulia.

Mimi nikasema la mviringo. Nilieleza kwamba robota la pembe nne linahitaji kunyanyuliwa na watu wawili, na hili mwanamke mmoja analisukuma kwa mguu mpaka kwenye tela. Tena nikasema maji yatateleza juu yake kama juu ya paa la nyasi. Wakala akatabasamu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa ghali zaidi. Bwana Miwani hakutuamini sote wawili. Akaamuru robota moja la kila aina liachwe nje, na Mungu akaleta mvua ya siku mbili. Yalipofunguliwa, lile tofali lilikuwa limelowa mpaka katikati na linanuka. La mviringo lilikuwa limelowa ngozi tu, ndani kukavu, bado linanukia jua. Shauri likaisha hapo. Kornelio alipokumbusha tena habari za mteremko, Bwana Miwani alimjibu kwamba kazi hiyo ni ndogo, Tabea na wanawake wake wataweka mawe ya kuegemezea.

Kwa hiyo mashine ya mviringo ikabaki, na tangu Mei mpaka Julai mlima mzima ulijaa marobota. Na ikawa kama alivyosema Kornelio. Mengine hayakukaa. Asubuhi tulikuwa tukikuta robota limeteremka, limepita kwenye tundu la korongo, limetulia katikati ya kinyungu chetu juu ya mboga za Mama. Siku nyingine lilikuwa kwenye kinyungu cha jirani yetu Priska. Mama alikuwa akisema maskini, limepotea njia, kisha anawakatia ng'ombe kamba wale.

Mpaka siku Bwana Miwani alipohesabu marobota yake. Alishuka bondeni mwenyewe, pamoja na Kornelio na jumbe, miwani imefunikwa na ukungu kwa hasira. Mama alikuwa ameketi na sahani ya viazi, mimi nimesimama mlangoni, na wanawake wa vinyungu vyote wakasogea mmoja mmoja na majembe yao kusikiliza. Akaniuliza marobota yake yanafanya nini kwetu. Nikamjibu kwa adabu zote nilizofundishwa shuleni misheni Kidugala kwamba sisi hatujavuka seng'enge yake kuchukua robota hata siku moja, ila mwaka jana yeye mwenyewe alitufundisha sheria, kwamba kitu kikishavuka ni cha upande kilikokutwa, na sisi tumeifuata kama tulivyofundishwa. Akamgeukia jumbe. Jumbe, kwa sauti ndogo sana, akasema ni kweli, maneno hayo yeye mwenyewe aliyasikia.

Bwana Miwani akapiga kelele kwamba hiyo si sheria, ni upuuzi, na hakuna mahali duniani ambako mali ya mtu inapotea kwa kuvuka uzio. Kaka, nilitamani uwe pale. Watu wote walimtazama jumbe, na Priska akasema kwa sauti ya juu kwamba kumbe basi Baka ni wetu. Jumbe akakuna kichwa, lakini safari hii kulikuwa na majembe mengi mbele yake. Akasema kwamba ikiwa ndivyo, ng'ombe atashuka na marobota yatapanda, siku hiyo hiyo. Bwana Miwani, aliyekuwa akifikiria marobota yake tu, akakubali mbele ya watu. Baka aliletwa jioni na Kornelio mwenyewe, akivutwa kwa kamba, na tumbo lake limejaa ndama wa lile dume la kizungu. Mama alimshika masikio akalia.

Kisha tukaombwa marobota. Nikaingia zizini nikatoa kilichobaki, yaani fungu la kamba za katani, safi, hazina hata jani moja. Nikamkabidhi Kornelio kwa mikono miwili. Kesho yake nilifukuzwa kazi kwa uzembe wa kutoweka mawe, na tundu likazibwa.

Sasa nikuambie wewe jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Haukuwa uzembe. Siku wakala alipoleta mashine zake, kabla sijafikiria mvua wala wanawake wangu, niliangalia lile robota la mviringo, nikaangalia mteremko, nikaliangalia na tundu. Nililichagua kwa sababu hiyo. Yale ya katikati ya mlima niliyawekea mawe kama nilivyoamriwa. Yale ya juu ya korongo niliyaelekeza mimi kwa mikono yangu, na jioni, wenzangu wakishatangulia, niliondoa mawe. Ukiona ni wizi, sema. Mimi naona nyasi za mlima wa Baba zililiwa na ng'ombe wa Baba. Siombi msamaha kwako, wala kwa mchungaji sitaungama.

Kwa hiyo ng'ombe hawauzwi. Ni watatu sasa, na kabla ya Krismasi watakuwa wanne, wamenona, na mvua si mbali. Kazi nitapata nyingine, na nisipopata, nina jembe. Na neno la ndoa ulilompa Kornelio ni wewe uliyelitoa bila kuniuliza, basi ulitimize wewe, umuoe mwenyewe. Anapika ugali mzuri, nasikia.

Binti yangu Ema anakuamkia shikamoo, Priska anakusalimu, na Mama ameniambia nisifunge barua kabla sijakuuliza utarudi lini. Nakuuliza. Mkataba wako uliisha, ukatia saini mwingine, na tukanyamaza. Katika zile kamba nilimpunja Kornelio kipande kimoja, nimekukunjia humu ndani. Kishike. Kimetoka huko huko uliko, pengine kimepita mikononi mwako, na kimefika nyumbani kabla yako.

Ubaki na amani ya Mungu, na ujifunike vizuri usiku.

Ni mimi mdogo wako asiyekuuzia ng'ombe,

Tabea