Gari Lililoumwa Jumapili Tu

Mwanangu Kokuhirwa,

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu kosa langu nalo nililifanya hadharani, mbele ya jumuiya yetu yote pale Ijuganyondo. Huko Mwanza futa kwanza grisi mikononi, kisha ukae uisome.

Unakumbuka gari letu jeupe lilivyotutia aibu kila Jumapili. Lilitoka nyumbani vizuri, likianza tu kupanda mlima wa kanisani linamisi: linatetemeka, linakosa nguvu, na watu wa misa wanatupita kwa miguu wakitusalimia kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyoniuma. Jumatatu nikilipeleka gereji mjini Bukoba, linanguruma kama halijawahi kuumwa. Mafundi walibadilisha plagi, wakasafisha pampu ya mafuta, mwisho wakaniambia, "Mzee, gari ni zima. Labda wewe ndiye umechoka."

Wakati huo ulikuwa umemaliza kidato cha nne, na fomu ya chuo cha ufundi ilikaa juu ya kabati ikisubiri sahihi yangu. Mimi nilitaka uwe nesi. Nilisema injini si mambo ya binti wa Kihaya, nikadhani nimemaliza.

Halafu Jumapili moja gari likapanda bila kutetemeka hata kidogo. Mimi nikamshukuru Mungu. Wewe ulingoja mpaka tuliporudi, ukauliza, "Tata, jana ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa msibani Kimwani? Nimerudi jioni."

"Kwa hiyo gari hukuliosha."

Nilikasirika kidogo, unanijua mimi na usafi. Kila Jumamosi nililiosha gari mpaka ndani ya boneti, injini naimwagia maji ya ndoo na kuisugua, ili mtu akifungua asione vumbi. Nani angefungua boneti kanisani? Mama yako aliniuliza hivyo miaka yote.

Ukaniambia niwashe. Ukachovya vidole kwenye kikombe cha maji, ukaunyunyizia waya wa plagi ya kwanza. Injini haikujali. Wa pili, vilevile. Wa tatu, ikaanza kutetemeka kule kule kwa Jumapili. Ukaniambia nizime, ukauchomoa waya, ukanionyesha ufa mwembamba kwenye mpira wake.

"Maji yanaingia hapa, Tata, umeme unavuja. Jumatatu yanakuwa yameshakauka, ndiyo maana mafundi hawaoni kitu."

Na mimi, baba yako, nikajibu nini? "Twende, chakula kimeiva." Kesho yake nikanunua waya mpya, nikasaini fomu yako bila neno. Jumapili iliyofuata tulipanda mlima kama mabwana. Walipouliza nani amelitengeneza, nikasema ni mimi mwenyewe. Ulikuwa umesimama nyuma yangu na kitabu cha nyimbo. Nami sikugeuka.

Sasa juzi jirani yetu Baba Deus alikuja na pikapu yake, inamisi ikibeba ndizi. "Mzee, wewe ndiye mtaalamu," akaniambia. Nikafungua boneti, nikaikodolea macho ile injini mpaka mama yako akaanza kucheka dirishani.

"Baba Deus, nilidanganya," nikasema. "Aliyelitibu lile gari ni Koku."

"Koku huyu wetu?"

"Huyu huyu, waitu, jirani yangu."

Nikakupigia, nikampa simu. Nilikusikia ukimhoji: inaanza saa ngapi, ikiwa na mzigo gani, imenyeshewa au imekauka. Mtu mzima yule alikuwa akijibu "ndiyo, fundi," "hapana, fundi." Nilijivunia wewe, mwanangu, chai yangu ikapoa bila kuguswa.

Najua ulidhani niliisaini ile fomu kwa kuchoka kubishana nawe. Niliisaini kwa sababu nilikuwa nimemwona fundi kwa macho yangu, kwenye ua wangu, akiwa na kikombe cha maji. Kukuambia ndiko kulikonishinda.

Jumamosi bado naosha gari, lakini boneti siigusi. Ndani kuna vumbi jekundu la Ijuganyondo. Jumapili iliyopita, baada ya misa, niliifungua mbele ya wote, mama yako akiwa shahidi. Nikawaambia vumbi hilo ni amri ya fundi wangu, na fundi wangu ni binti yangu.

Siku ile ulinidai neno moja tu la shukrani. Lipokee leo: kasinge, mwanangu. Kasinge sana.

Ni mimi tata yako,
aliyekuwa mwosha injini