Nembo za Bibi

Jumatatu, 7 Julai

Picha za maharusi wa kule Mtua zimekwisha hapa studio kabla ya adhuhuri. Picha mia tatu, seti ileile ya siku zote: ongeza mwanga, safisha chenga, zile punje za gizani, lainisha ngozi. Programu inafanya kazi, mimi nakunywa chai.

Halafu nikafungua ya Bibi. Ni moja tu. Mwaka jana, harusi ya binamu huko Ruangwa, alikaa barazani penye giza. Nilimpiga mara moja nikipita, nikamwambia, Bibi nisubiri, nakuja kukupiga vizuri. Sikurudi. Nilikuwa na wateja. Sasa kazikwa, arobaini ni Jumapili, na wanawe wote wanataka nakala. Picha nyingine ya Bibi haipo. Alikuwa akiona kamera anajifunika khanga usoni.

Nimeipitisha kwenye seti ya maharusi. Imetoka inang'aa. Nimemtumia Baba kule Lionja, na shangazi Ruangwa.

Jumanne, 8 Julai

Shangazi kafurahi. Kaiweka status kwenye simu yake, watu wanamiminika na pole. Mama kapendeza, mama ametakata.

Baba kutwa yuko shambani. Alikuwa anapuliza salfa kwenye mikorosho. Jioni ndiyo kapiga. Hakusalimia.

"Nembo za mama umezipeleka wapi?"

Nikatazama. Ee Mungu wangu. Mashavu matupu. Zile chale alizochanjwa usichanani, mistari mitatu huku na mitatu huku, hakuna. Programu imezifuta pamoja na chenga. Nimelelewa na uso ule, na picha nimeituma bila kuona kitu. Naona aibu hata kuandika.

Jumatano, 9 Julai

Afadhali nilipiga mbichi. Picha mbichi ni yote iliyoonwa na kamera, haijapikwa bado. Kila programu inaipika kivyake. Kwa hiyo natafuta mpishi mwingine.

Hii yangu ya zamani: nimezima kulainisha, bado inasafisha chenga yenyewe, na pa kuizuia sipaoni. Haifai. Ya kwenye simu: nembo zimerudi, lakini ngozi imekuwa ya kijivu. Bibi hakuwa hivyo hata siku ya kufa. Haifai. Ya tatu ni ya bure, fundi mmoja wa Ruangwa anaisifia. Imekula bando langu lote kuishusha, imefunguka, kompyuta ikazimika. Mara tatu.

Nimemfokea mteja wa picha za pasipoti. Hakuwa na kosa.

Alhamisi, 10 Julai

Shangazi kapiga. Kasikia nahangaika.

"Mwanangu, iache ilivyo. Mama alikuwa anajificha kwa ajili ya hizo nembo. Walimcheka sokoni mpaka akaacha kwenda. Leo hayupo, ndiyo unamtoa hadharani?"

Nimekasirika, na nimekasirika zaidi kwa sababu huenda yuko sahihi. Mimi natafuta programu, kumbe sijui hata mwenye uso alitaka nini. Nikikosea sasa, wajukuu wote watamjua kwa kosa langu. Na wa kumwuliza hayupo.

Ijumaa, 11 Julai

Nimefunga studio, nimekwenda Lionja. Yupo Bibi Mdogo, mdogo wake marehemu, wa mwisho kati yao. Kiswahili chake cha kuungaunga, Baba alikuwa ananitafsiria Kimwera. Usoni ana nembo zilezile.

Nikampa simu, ile iliyolainishwa. Kaitazama, kaigeuza, kaitazama tena.

"Huyu simjui."

Nikampa ile ya kijivu. Akacheka, halafu akalia. Kasema walichanjwa siku moja. Yeye alipiga kelele, dada yake akamshika mkono, akanyamaza kwa niaba ya wote wawili. Nikamwuliza, mbona alikuwa anajificha? Kajibu haraka, Baba kachelewa kidogo kutafsiri.

"Anasema aliwaficha wageni uso. Anauliza, wewe ulikuwa mgeni?"

Nikaichukua simu. Siku zote hizi nimekuwa nikivuta karibu mashavu tu. Sasa nikaitazama picha nzima. Khanga iko mabegani. Kaishusha mwenyewe, kakaa wima, anatazama kamera. Alikuwa ananisubiri.

Nimelia mbele ya baba yangu. Hajaniambia ninyamaze.

Jumamosi, 12 Julai

Nimechagua ile ya bure. Nimefunga vitu vyote vingine kwenye kompyuta, nimeweka feni pembeni, ikashika. Nzito, menyu zake sizijui nusu. Lakini haigusi kitu mpaka uiambie. Ndicho ninachotaka.

Kuanzia alfajiri mpaka laasiri, picha moja. Mwanga nimeongeza kidogo. Rangi ya ngozi nimeitafuta kwa mkono, Baba, niliyerudi naye jana, kando yangu anasema bado, bado, imezidi, rudisha. Chenga nimeziacha. Ingekuwa ya bwana harusi, angenirudishia picha. Potelea mbali. Mistari ipo yote sita, wa chini kushoto umepinda kama ulivyokuwa umepinda.

Baba kasema, "Hapo." Nikachapisha.

Jumatatu, 14 Julai

Jana tulikuwa Ruangwa. Kisomo kimeenda vizuri. Watu wengi.

Nakala niliziweka ndani ya bahasha. Ya shangazi nimempa mwisho, jikoni. Nilijiandaa kugombezwa. Kafuta mikono kwenye khanga, kaitoa, kaenda nayo mlangoni penye mwanga. Wenzake wakamwita, hakugeuka.

"Shikamoo, mama," kaiambia.

Kisha kairudisha kwenye bahasha, kanipa nimshikie, kaenda kupakua wali.