Barua za Baba Yake Mama Ingrid

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, magari yamegandana kwenye barabara kuu ya 270, na kazini kwangu Gaithersburg, hapa Marekani, nimefika nimechelewa. Moyo wangu mzito, na si kwa sababu ya foleni.

Ninamhudumia Mama Ingrid, mjane wa miaka themanini na nane, Mnorwe. Baba yake alikuwa mwongozaji wa filamu kule kwao, enzi zile filamu hazina sauti. Kila siku nikimkanda miguu ananisimulia: baba alivyopandisha kamera milimani kwa farasi, alivyozungusha mpini wake kwa mkono hadi vidole vikafa ganzi kwa baridi, watu walivyojaa kumbini. Filamu za sauti zilipoingia, kazi zikamkaukia.

Hapo ndipo hadithi yake huishia.

Leo saa nane mama mmoja wa maktaba alikuwa anakuja kuchukua masanduku ya karatasi za huyo baba yake zikahifadhiwe. Asubuhi Mama Ingrid akanipa bahasha nene ya barua za baba yake.

"Hizi zichane, Mariamu. Zote."

Juu kulikuwa na picha. Baba yake, kofia mkononi, anacheka katikati ya maofisa wa Kijerumani.

"Wakati wa vita, Wajerumani walipoiteka nchi yetu, walimpa kazi," akasema. "Alitengeneza filamu walizotaka wao, sisi tukala. Vita vilipoisha hakuna aliyemsalimia. Alikufa akiwa mkata tiketi, mlangoni mwa sinema." Akanishika mkono. "Nataka watu wakumbuke zile za milimani tu."

Nilimwambia, "Mama, tuziache. Wewe mwenyewe utamweleza huyo mgeni." Akalia. Sijawahi kumwona analia, hata siku aliyovunjika nyonga.

Nikazichana.

Mashine ya kuchanachana karatasi ilimaliza kwa dakika kumi. Barua zilikuwa za Kinorwe, sijui hata zilisema nini. Labda humo aliomba radhi. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama wa maktaba alikagua masanduku, akauliza mbona hakuna kitu cha miaka ya vita. Mama Ingrid akageukia dirishani. Basi yule mama akanitazama mimi.

"Ni haya tu?"

"Ni haya tu," nikasema.

Akanishukuru sana. Nilimsaidia kubeba masanduku hadi garini, mvua ikitunyeshea.

Nitamuuliza Mama Ingrid barua zile baba yake alikuwa anamwandikia nani. Naogopa atanijibu kwamba ni yeye.