Nimelia Mbele ya Keki Feki

Shoga, nimelia dukani. Kwa sababu ya keki feki!

Tulikwenda na mama mkwe kuchagua ile keki ya povu gumu ya kupamba ukumbi, iliyopakwa sukari juu. Tangu asubuhi anabishana na mpishi. Ya ngazi tatu ni aibu, ya ngazi saba itagusa feni. Mimi nimesimama tu, viatu vinanibana.

Mara mpishi akanigeukia: "Bibi harusi, wewe unataka ipi?"

Shoga, miezi minne ya vikao hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Hakuna! Nikafungua mdomo, nikasema, "Nataka kulala." Machozi yakanitoka kama bomba limepasuka, wateja wote wananitazama.

Mama mkwe akaacha kubishana, akanijia. Nikajua leo nimekwisha.

Akavuta stuli, akanikalisha, akanifuta uso kwa leso yake. Akamwambia mpishi, "Tupe hiyo ya ngazi tatu. Povu ni povu." Halafu kwangu: "Twende ukalale, mwanangu. Wakikupigia, waambie wanipigie mimi."

Sasa niko kitandani kwake, amenifungia mapazia. Namsikia sebuleni anamfokea mtu wa mapambo.