Vyuma vya Meli Katika Tanuri la Mikate

Bujumbura, bandarini

Mama yangu kipenzi,

Pokea salamu za mwanao mzuri kuliko wote (Yaya Zena akikusomea hapa, anune tu, hata kama yeye ndiye dada mkubwa). Goti lako linaendeleaje? Mimi mzima, hata nimenenepa.

Ujumbe wako umefika: Mjomba Saidi anakuja na boti kunirudisha Rumonge, eti mji una risasi. Mama, sikia kwanza. Sasa mi ni mutu mukubwa! Hapa tunapotengeneza meli, stoo nzima naiangalia mimi: mabati, rangi, bolti, kamba. Fundi akitaka elektrodi, zile fimbo nyembamba za kuchomelea chuma, ananirudishia kwanza vipisi vya jana. Hakuna kipisi, hakuna fimbo. Wananiita Shefu, yaani mkubwa wao.

Juzi risasi ilitoboa paa la stoo. Usipige kelele, sikuwemo. Mvua ikaingia, ikalowesha elektrodi zote. Fimbo yenye maji inaacha matundu kama chujio, na meli ya wafanyabiashara ilikuwa nchi kavu, tumbo wazi, inangoja. Nikazunguka maduka yote ya mtaa wa Asiatique kutafuta nyingine. Tangu nchi jirani zitufungie mipaka, hakuna kitu. Patroni, mwenye karakana, akaniambia, "Issa, meli isiposhuka Ijumaa, wenyewe wanaihamisha, na mi nafunga. Wote mutarudi kwenu."

Nikazipakia zile fimbo zilizolowa kwenye baiskeli mpaka mtaa wa Buyenzi, kwa Mzee Ramadhani, mwoka mikate.

"We mutoto, unaniletea chuma nikipake siagi?"

"Apana, Mzee. Mikate ikitoka, nipe moto unaobaki, nizikaushe."

Akacheka, akakubali. Mkewe hakucheka: kesho yake mikate ilinuka garaji.

Deo, mchomeleaji wetu, akajaribu fimbo moja. Akagonga kwa nyundo, akagonga tena. "Shefu, imekamata!" Ijumaa meli ikaingia majini, haikuvuja hata tone. Patroni akanikabidhi ufunguo wa stoo. (Sawa, kabla ya hapo ulikuwa unalala mfukoni mwake.)

Basi Mjomba aje, lakini nguo zangu aziache zilipo. Aje na dumu la mawese yako. Mzee Ramadhani hakunipa moto wa bure. Nilimwapia kwamba mawese ya mama yangu hayana mwenzake Rumonge nzima. Amekwisha kuwaambia wateja. Usiniaibishe, Mama.

Nisalimie Yaya, Bibi mkunga na shangazi muuza dagaa. Mungu akuweke.

Mwanao,
Shefu Issa